Zana hii hutafuta vizuri, lakini nyaraka zake zimenikasirisha

Nianze na sifa inayostahili. Zana hii ya kutafuta mtandaoni, iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya mawakala wa akili unde, yaani programu zinazotekeleza kazi zenyewe, hutafuta vizuri. Huleta kurasa zinazolihusu swali, huondoa matangazo na menyu, kisha huikabidhi modeli ya lugha inayomwendesha wakala matini safi. Ningeulizwa mwanzoni mwa mwaka, ningeipendekeza kwa kila msanidi programu. Leo ninaipendekeza kwa tahadhari kubwa, na sababu haimo katika utafutaji wenyewe, bali katika nyaraka zinazoueleza.

Wakala tuliyemuunganisha na zana hii ana kazi moja, nayo ni kukagua maktaba za programu, yaani misimbo iliyokwisha kuandikwa ambayo programu nyingine huitumia, na kueleza kama zina udhaifu wa kiusalama uliokwisha kuripotiwa. Ameagizwa asitegemee aliyojifunza wakati wa kufunzwa, kwa kuwa maarifa hayo hupitwa na wakati, bali ategemee matokeo ya utafutaji peke yake. Siku moja, katika wiki yenye kazi nyingi, aliulizwa kuhusu toleo la 2.14.1 la Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo, akajibu kwamba hakuna udhaifu wowote ulioripotiwa. Yeyote aliyekuwa katika kazi hii Desemba 2021 anajua uzito wa jibu hilo. Toleo hilo lina udhaifu maarufu, uliosajiliwa kwa namba CVE-2021-44228, ambao ulipewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali, maana mshambuliaji aliweza kuendesha msimbo wake ndani ya seva ya mtu mwingine kwa kutuma tu maandishi ambayo Log4j ingeyaweka kwenye kumbukumbu za mfumo. Umeandikwa kila mahali. Injini ya utafutaji iliyo hai haiwezi kushindwa kupata angalau ukurasa mmoja unaoutaja.

Tulipochunguza, tuliona kwamba mawakala kadhaa walikuwa wakitafuta kwa wakati mmoja na kikomo cha maombi kilikuwa kimefikiwa. Hilo ni jambo la kawaida na lina utaratibu wake: tangu 2012, waraka wa viwango vya intaneti uitwao RFC 6585 umeweka msimbo 429 wa HTTP, itifaki ya mawasiliano ya wavuti, kwa hali hiyohiyo, na seva inaweza kutaja muda wa kusubiri katika sehemu ya jibu iitwayo Retry-After. Zana hii haikufanya hivyo. Ilirudisha msimbo 200, yaani ombi limefanikiwa, pamoja na orodha tupu. Nilipozifungua nyaraka, maelezo yote niliyoyakuta kuhusu sehemu hiyo ya jibu ni kwamba ni orodha ya matokeo. Hakuna sentensi hata moja inayosema iwapo orodha tupu ina maana kwamba mtandaoni hakuna kitu, au kwamba hakuna utafutaji uliofanyika kabisa.

Mtu akikuta orodha tupu kwa swali kama hilo hushtuka na kujaribu tena. Modeli, isipoelezwa, huichukua kuwa ndilo jibu. Katika MCP, itifaki ya kuunganisha modeli na zana za nje, iliyotangazwa na Anthropic Novemba 2024 na ambayo zana hii inaitumia, modeli huamua kuiita zana kwa kusoma jina lake, maelezo yake na muundo wa vigezo vyake. Kwa hiyo maelezo hayo ni sehemu ya mtambo wenyewe, sawa na msimbo. Itifaki hiyo ina hata alama ya isError, ili modeli ijue kwamba zana imeshindwa na imwambie mtumiaji ukweli. Watengenezaji hawakuitumia. Walichoiandikia modeli ni mstari mmoja usiosema zana itumike lini, isitumike lini, wala nini kifanyike inaposhindwa.

Bado nilikuwa mpole wakati huo. Niliwaandikia huduma kwa wateja, nikaambatanisha ombi, jibu la seva na ukurasa wa nyaraka niliokuwa nikiuzungumzia. Baada ya siku kadhaa nilijibiwa kwamba zana inafanya kazi kama ilivyokusudiwa, kwamba wateja wengine hawajalalamika, na kwamba nizisome nyaraka. Nizisome nyaraka! Ukurasa wenyewe ulikuwa umeambatanishwa katika barua waliyokuwa wakiijibu.

Tangu hapo nimezisoma kwa jicho kali, na kila ninapogusa panabomoka. Tarehe inayoandamana na kila tokeo haielezwi kama ni ya kuchapishwa kwa ukurasa au ya siku ulipokusanywa. Hakuna onyo kwamba matini ya ukurasa wa nje inaweza kuficha maagizo yaliyokusudiwa kumpotosha wakala, ilhali hatari hiyo inajulikana na kila anayejenga mifumo hii.

Nilisema hapo juu kwamba ninaipendekeza kwa tahadhari. Kauli hiyo ninaifuta. Kwa mtu anayeyasoma matokeo kwa macho yake mwenyewe, huenda bado ikafaa, na nakiri kwamba sijapata nyingine inayotafuta vizuri kuliko hii. Kwa wakala anayejibu bila mtu wa kumkagua, hapana. Sisi bado tunaitumia, lakini tumeandika upya maelezo yote ambayo modeli inayasoma, na kila orodha tupu inapokuja tunatuma swali la pili ambalo jibu lake tunalijua, ili tubaini kama zana ilitafuta kweli. Swali hilo la pili nalo tunatozwa.