Waliniambia "saa sita", nikaletewa skrini ya kusoma kwa kuchuchumaa

Nyota moja. Na hiyo ni ya upakiaji tu: kila moduli ya skrini ilifika imelala kwenye trei yake bila mkwaruzo.

Kifaa chetu huendesha pampu. Hufungwa ukutani chini ya usawa wa kiuno, na fundi hukisoma akiwa amesimama. Kwenye karatasi ya mahitaji nilijaza volti 3.3, mwangaza, joto kutoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi 70, utepe wa nyaya wenye pini 40. Mwelekeo wa kutazama niliuacha wazi kwa sababu sikuuelewa, nikampigia wakala. Akasema, "Ni ya saa sita, ndiyo ya kawaida." Mimi saa sita naijua, mshale umesimama wima. Nikaridhika kwamba itasomeka kutoka juu.

Kumbe wakala alikuwa anasoma namba 6 kwenye uso wa saa. Chini! Paneli za TN, aina ya skrini za LCD tuliyoletewa, husomeka vizuri zaidi kwa upande mmoja, na zetu zilimtaka mtu atazame kutoka chini. Mezani zilipendeza mno. Tulipoifunga ya kwanza ukutani nikasimama mbele yake: weusi umekuwa kijivu cha maziwa, maandishi mekundu ya tahadhari hayasomeki. Nikachuchumaa, yakarudi. Nikasimama, yakayeyuka.

Nilipolalamika, wakala akanijibu, "Mchoro wa skrini ulisaini mwenyewe," akakata simu. Ni kweli nilisaini. Pembeni kuna kimshale kidogo kinachoelekea chini, nilikiona baadaye. Hapo nakubali kosa. Lakini mtu anayeuza skrini kila siku asiulize hata mara moja kifaa kitafungwa wapi? Hilo simsamehe.

Siku chache baadaye mhandisi wao akanipigia mwenyewe, kwa upole, bila kuombwa. "Ipindue juu chini, halafu geuza picha kwenye programu." Nikafanya. Jamani, ilisomeka kama nilivyoota! Basi nyota nne, zote za huyo mhandisi.

Ila utepe sasa unatokea juu, na makasha yetu yote yametobolewa chini. Tunayachonga upya, moja moja. Basi nyota zinashuka hadi mbili.

Karatasi mpya ya mahitaji inaanza na mchoro: mtu amesimama, na mstari kutoka jichoni mwake hadi kwenye skrini. Mhandisi ameahidi sampuli ya IPS, aina ya skrini inayosomeka vizuri kutoka pande zote. Nimeomba iletwe kwa mkono wake, wakala asiiguse.