Un Chien Andalou au Eraserhead: Ipi Itazamwe na Marafiki?

Un Chien Andalou, filamu iliyotengenezwa Ufaransa mwaka 1929 na Luis Buñuel pamoja na Salvador Dalí, haifiki nusu saa, na wembe unaopasua jicho (kwa hakika ni jicho la ndama aliyekufa) huonekana mapema kabisa, hivyo marafiki hushtuka kwa pamoja, kisha hubaki na usiku mzima wa kujadiliana kuhusu sisimizi wanaotoka kiganjani na mizoga ya punda juu ya piano. Eraserhead ya David Lynch, ya mwaka 1977, huchukua takriban saa moja na nusu, na mngurumo wake wa mitambo humtenga kila mtazamaji na mwenzake. Naipenda mno, lakini huitazama peke yangu. Kwa kundi, nachagua ile ya kwanza.