Kudai bima ya mtu aliyenigongea gari nikiwa nimepaki, nawapa nyota 3

Hela imeingia juzi ndo maana naandika sasa hivi kabla sijasahau. Kampuni siitaji jina, ni ya bima hapahapa Dar, na mimi sio mteja wao, mteja wao ni yule aliyenigonga. Hili wengi hatulijui, hata mi nilikuwa silijui: umepaki gari lako mtu akaja akakugonga, anayekulipa ni bima YAKE, kwahiyo haijalishi kama we umekata bima ndogo (third party) ya 118,000 kama mimi.

Ilikuwa Kariakoo. Nimepaki IST yangu, mhudumu wa paking wa TARURA kashapiga namba ya gari, nikaingia dukani kufuata vitenge. Natoka nakuta Canter imerudi nyuma imenivaa, bampa limepasuka, taa ya kulia kwisha, fenda imeingia ndani. Dereva hakukimbia, hilo namshukuru mpaka leo, ila neno lake la kwanza lilikuwa "dada yangu tuyamalize hapahapa, nina laki na nusu". Na watu pembeni nao chukua dada chukua, polisi watakuzungusha. Nilikaribia kuchukua kweli, bahati nilimtumia fundi wangu picha akanipigia hapohapo akaniambia usipokee hiyo hela, kunyoosha na rangi tu inaisha, taa utanunua na nini.

Basi nikaingia kwenye mtandao wa TIRA, wale wasimamizi wa bima nchini, ule wa kuhakiki bima, nikaweka namba ya Canter, ikaja kampuni na tarehe ya kuisha, iko hai. Roho ikatulia. Jamani fanyeni hivyo mkiwa bado mnatazamana na dereva, maana stika isingekuwa hai ningekuwa namdai yeye na bosi wake mkononi, na angekuwa amekimbia bila mtu kusoma namba basi na bima yangu ndogo ningejitengenezea mwenyewe, ile haigusi gari lako.

Trafiki walikuja, gari hatukusogeza mpaka wamechora ramani. Dereva akakiri, akaandikiwa faini. Vehiko, wale polisi wa kukagua magari, wakakagua wakajaza PF 90 ambayo ni fomu ya ukaguzi wa gari, na zile fomu nyingine za polisi nilizifuata kituoni mara 3. Pale pia risiti ya paking ilinisaidia maana bosi wa Canter alianza kusema kwenye simu eti nilikuwa natembea, risiti ina namba ya gari na saa, akanyamaza.

Sasa huduma yenyewe. Mapokezi wazuri, dada wa madai ananiita kwa jina, simu anapokea. Lakini siku ya kwanza nikaambiwa faili halifunguliwi mpaka mteja wao aje ajaze fomu yake ya kukiri ajali. Yaani mimi niliyegongwa ndo nimtafute mwenye Canter nimbembeleze aende kwa bima yake! Siku 11 nampigia, mara yuko Mbagala mara yuko safari. Hapa nimewakata nyota moja nzima, wao wana mkataba naye na namba zake zote wanazo, walishindwaje kumpigia wenyewe? Ukipata ajali chukua namba ya mwenye gari pale kituoni, usiishie kwa dereva.

Fomu ilipojazwa, mkaguzi wao alikuja gereji kesho yake tu, haraka sana. Profoma (makadirio ya gharama) ya fundi 780,000, wao wakaja na 520,000, wanasema bampa linachomewa tu sio la kubadilisha. Nikakataa. Nikaenda mtaa wa Gerezani nikachukua bei za maduka mawili ya spea kwa maandishi, na fundi akaandika sehemu za kushikia bampa zimekatika zote hata ukichomea halikai. Tukafika 690,000. Ile karatasi ya kukubali malipo waliniletea tangu ofa ya kwanza na mtu aliyekaa pembeni yangu alisaini ya kwake bila kusoma, mi nilisoma, inasema ukisaini hudai tena chochote kwa ajali hiyo. Nyota ya pili imeondoka hapo, mtu wa kawaida aelezwe kwanza kwa mdomo.

Hela imeingia benki siku ya 31 tangu makaratasi yakamilike, na utaratibu wa TIRA ni siku 45, kwahiyo kwenye muda wamejitahidi na nawasifu kwa dhati. Hawakunikata ile asilimia 10 ya malipo wanayokata watu wa bima kubwa (comprehensive), maana mi sio mteja wao. Nauli za bajaji za siku 5 gari ikiwa gereji niliomba wakakataa, nimeandika barua ya kuomba sababu kwa maandishi, nasubiri jibu.