Breki laini kwenye pikipiki ya ABS: gereji yenye kompyuta ndiyo iliyonisaidia

Boda nyingi hapa Uganda, hasa Bajaj Boxer, zina breki za ngoma, kwa hiyo si ajabu fundi hodari asiwe na mazoea na ABS, mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge ukishika breki kwa nguvu. Yangu ni BMW F 800 GS. Gereji moja ilinibadilishia paipu ya breki ya mbele, na katikati ya kazi kikopo cha mafuta ya breki kikaachwa kikakauka, hewa ikaingia. Wakatoa hewa kwa njia ya kawaida: pampu, shikilia, fungua nipo (skrubu ndogo ya kutolea hewa), funga. Mafuta yakatoka bila povu, lakini mkono wa breki ulizama karibu uguse mshikio. Ukiupampu unapanda, ukiuacha kidogo unazama tena.

Nikaambiwa taa ya ABS ikizimika pikipiki inapoanza kwenda, breki ni nzima. Hapo sikubali hata kidogo. Taa ile huangalia mambo ya umeme: sensa za magurudumu, vali, mota ya pampu. Hewa haiioni.

Gereji ya pili, pia Kampala, ndiyo ninayoisifu. Fundi aliupampu mkono mara mbili tu, akasema, "Kaka, hewa iko ndani ya moduli." Akanieleza kwamba mle, ndani ya kifaa cha ABS, kuna vali zinazokaa zimefungwa mpaka ABS ifanye kazi. Mafuta unayoyasukuma kwa mkono hayapiti nyuma yake, hivyo hewa ikishaingia huko unaweza kumwaga chupa nzima na isitoke.

Alifunika tangi kwa kitambaa chenye maji, maana mafuta ya breki yanakula rangi, akafungua mbele yangu chupa mpya ya mafuta hayo, aina ya DOT 4. Akatoa hewa kwanza kwa kawaida, kisha akachomeka kompyuta na kuiamuru pampu ya ABS izunguke. Ikanguruma, mkono wa breki ukatetemeka. Aliporudi kwenye kalipa, kibanio cha breki kilicho gurudumuni, na kulegeza nipo robo mzunguko, ndani ya mpira unaoonyesha kukapita msururu wa mapovu madogo kama ulezi. Akarudia, huku akijaza kikopo kila kinapokaribia alama ya chini, hadi mafuta yakapita matupu. Mkono sasa unagota mapema na unabaki pale pale.

Kuhusu mafuta, msikubali chupa iliyokaa wazi. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya unyevu kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Ukiteremka kutoka Kapchorwa kupitia Sipi na mzigo nyuma, tofauti hiyo utaihisi. Na DOT 5 ya silikoni isitiwe humo kabisa.

Kasoro yao ni foleni, na bei iko juu kuliko ya fundi wa kando ya barabara. Kwangu ilistahili. Wasio na kompyuta huenda kwenye murram tupu, wakakanyaga breki ya nyuma mpaka ABS ishtuke, kisha wakatoa hewa tena. Kwa nyuma inaweza kusaidia. Kwa mbele, ukiwa na breki laini, mimi simshauri mtu.

Kabla ya kwenda gereji yoyote, piga simu uulize kama kompyuta yao inaweza kuendesha pampu ya ABS ya modeli yako. Nyingine husoma makosa tu, na hiyo haitoi hewa.