Yamaha HS5, JBL 305P MkII au Kali LP-6: ipi inafaa studio ya chumbani?

Ukiulizia monita, yaani spika za kusikilizia kazi studio, kwenye maduka ya vifaa vya muziki Kampala, mara nyingi utaoneshwa kwanza spika za inchi nane, kwa sababu ndizo zinazotikisa duka. Kwa chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, ambamo studio nyingi za mtaani huanzia, ziache hapo hapo. Chumba chenyewe kina besi yake. Kuta zikiwa mita 3.05 kila upande, sauti ya 56 Hz (mitetemo 56 kwa sekunde) hujirundika, na kwa kuwa urefu na upana ni sawa, hujirundika mara mbili. Wufa kubwa, yaani koni ya besi, itazidisha tu. Tafuta ya inchi tano, au sita na nusu kama chumba kina nafasi, na theluthi ya pesa uliyopanga ibaki kwa ajili ya stendi, paneli za kunyonya sauti na stebilaiza.

Yamaha HS5 ndiyo yenye koni nyeupe. Wufa yake ya inchi 5 inaendeshwa na wati 45, twita (spika ndogo ya sauti za juu) ya inchi 1 na wati 25. Nguvu yake iko kwenye sauti za kati: herufi "p" inayopasuka kwenye maiki, pumzi iliyobaki baada ya kukata sauti, uzi wa gitaa uliolegea kidogo. Vyote hivyo vinasikika wazi. Kwa kadongo kamu, yaani gitaa na mtu mmoja anayesimulia, au kwa kwaya, tunaiweka mbele ya hizi nyingine mbili.

Tatizo lake liko chini. Besi yake huanza kupungua kwenye 74 Hz, ilhali uzi wa E wa gitaa la besi hupiga 41 Hz. Unachosikia ni noti za juu zinazoambatana na ile ya chini, yenyewe imebaki ndani ya boksi. Prodyusa wa dancehall anaongeza besi mpaka aisikie, kisha wimbo ukipigwa kwenye teksi yenye sabufa chini ya kiti, milango inatetemeka na maneno hayaeleweki. Ukiichagua HS5, besi ikague kwa hedifoni nzuri, kama Beyerdynamic DT 770 au Audio-Technica ATH-M50x, huku ukilinganisha na wimbo unaoujua vizuri, vyote viwili kwa kiwango kimoja cha sauti.

JBL 305P MkII inashuka zaidi, mpaka karibu 49 Hz, na kwa kawaida bei yake iko chini ya Yamaha. Umbo lililochongwa kuzunguka twita linatawanya sauti kwa mapana, kwa hiyo mwimbaji aliyekaa pembeni ya prodyusa anasikia karibu kilekile anachosikia prodyusa. Kero yake ni "sss" nyembamba inayotoka kwenye twita muziki ukiwa kimya. Usiku, ukiwa umbali wa chini ya mita moja, utaisikia. Muziki ukianza inapotea, lakini anayerekodi maiki ikiwa mita moja kutoka kwenye spika azizime kwanza.

Kali LP-6 ina wufa ya inchi 6.5, na tundu lake la hewa liko mbele. Hizo mbili nyingine matundu yao yako nyuma, kwa hiyo zinahitaji angalau sentimita 10 za hewa kati ya mgongo na ukuta. Nyuma ya Kali kuna swichi ndogo zenye michoro: spika iko kwenye stendi, iko juu ya meza, imesogea ukutani. Unachagua mchoro unaofanana na chumba chako. Kwa mtu ambaye meza yake imebanwa ukutani na hana pa kuisogeza, hii ndiyo tunayopendekeza.

Sasa mpangilio, kwa sababu monita ya bei kali iliyowekwa vibaya inashindwa na ya kawaida iliyowekwa vizuri. Usikae katikati ya chumba: hapo ile 56 Hz inatoweka kabisa, na utaiongeza bila sababu. Katika chumba cha mita 3.05, weka kichwa karibu mita 1.15 kutoka ukuta wa mbele. Kutoka spika hadi spika, na kutoka kila spika hadi kichwani, umbali uwe sawa, kama mita moja hivi. Twita zilingane na masikio. Kuta za kushoto na kulia ziwe umbali mmoja. Spika moja ikiwa kwenye kona na nyingine karibu na mlango, besi itavutwa upande wa kona.

Wengi huambiwa wavute spika mbali na ukuta. Chumba kidogo hakiruhusu, na ukijaribu nusunusu unaharibu. Uso wa spika ukiwa mita 1 kutoka ukutani, wimbi linalorudi hufuta sauti karibu na 86 Hz, mahali penye mwili wa besi, na paneli ya kawaida haiwezi kulizuia. Ukiwa sentimita 35, pengo linahamia karibu na 245 Hz, na hapo paneli ya sufu ya mawe (rockwool) yenye unene wa sentimita 10 nyuma ya spika inasaidia kweli. Kwa hiyo zisogeze karibu na ukuta, kisha punguza besi kwa swichi: kwenye HS5, ROOM CONTROL iwe −2 au −4 dB, kwenye JBL, BOUNDARY EQ iwe −1.5 au −3.

Paneli hizo fundi seremala yeyote anaweza kuzitengeneza: fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 120, sufu ndani, kitenge juu. Kitenge kipulize kwa mdomo kwanza. Hewa isipopita, chagua kingine. Trei za mayai hazifanyi kitu.

Kwa umeme, tumia stebilaiza. Ukikatika, zima monita kwenye swichi na usiziwashe mpaka kompyuta na kadi ya sauti ziwe zimewaka. Siku zote monita huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza, la sivyo ule mshindo unaumiza koni. Inveta za bei rahisi zisizotoa wimbi laini huleta mvumo. Mvumo ukisikika tu laptopu ikiwa kwenye chaja, badilisha waya uweke za TRS au XLR, zenye nyuzi tatu zinazokinga mvumo. Usikate pini ya ethi hata kidogo, hiyo ndiyo inayokukinga na shoti.

Dukani, uliza kama bei ni ya spika moja au jozi, kwa kuwa hizi zote tatu huuzwa moja moja. Soma kibandiko cha nyuma: iliyoletwa kutoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120 tu, na kwenye 240 zetu itaungua. Kisha piga sauti ya mtu mmoja kwenye spika zote mbili. Isimame katikati kabisa. Ikiegemea upande mmoja, badilishana waya. Ikibaki upande uleule, spika moja ni mbovu. Muuzaji akikataa kuziwasha, nenda duka la pili.