Injini imekufa: uifufue, ununue nyingine, au uachane na gari? Chaguo sita kwa mpangilio

Fundi akikwambia injini ya gari lako la zamani imekufa, usikimbilie kuuliza bei. Muulize kwanza ni nini hasa kimekufa. Gasketi ya silinda hedi (kichwa cha injini, chenye valvu) ikiungua, gari halitembei. Beringi za kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni chini ya injini, zikikwisha, halitembei. Taimingi beliti ikikatika na valvu zikapinda, halitembei pia. Lakini bili za matatizo hayo matatu hazikaribiani hata kidogo, na wengi hununua injini nzima kwa kosa la kipande kimoja, au wanafunga gasketi mpya juu ya injini ambayo chini imeshaoza.

Kwa hiyo kabla ya orodha, vipimo.

Pima kabla ya kufungua chochote

Kama injini bado inazunguka kwa stata, kipimo cha kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, ndicho cha kwanza. Injini ya petroli yenye afya kwa kawaida husoma kati ya psi 125 na 180 kwenye kila silinda. Dizeli husoma juu zaidi, kati ya 300 na 500. Namba yenyewe si muhimu kama tofauti. Silinda nne zikisoma 140 zote, mzee bado ana nguvu. Tatu zikisoma 170 na moja 90, hapo kuna ugonjwa. Makampuni mengi hukubali silinda dhaifu isishuke chini ya asilimia 75 ya ile yenye nguvu.

Hakikisha kipimo kinafanywa sawasawa: injini ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekatwa, aksileta imekanyagwa hadi mwisho, betri imejaa. Baadaye mimina kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu kupitia tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni au ukuta wa silinda umechoka. Isipopanda, tafuta valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, mara nyingi gasketi imeungua katikati yao, na hiyo kwako ni habari njema.

Halafu toa filta ya oili uikate. Fundi wengi huitupa tu, nami sielewi kwa nini, maana ndani yake mna ushahidi wote. Kunjua karatasi yake juu ya gazeti, ikamue, uitazame kwenye mwanga. Vipande vinavyometameta visivyoshikwa na sumaku vinatoka kwenye beringi au pistoni. Vinavyoshikwa ni chuma: kamshafti, cheni, ringi. Vumbi kidogo sana si ajabu kwa injini iliyotembea sana, ila ukiona magamba yanayoshikika kwa kucha, achana kabisa na mawazo ya kutengeneza hedi peke yake.

Vingine ni vya haraka. Ute mzito wa kahawia iliyopauka chini ya kifuniko cha oili pamoja na maji yanayopungua kwenye rejeta ni dalili ya maji kuingia kwenye oili. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Kugonga kwa sauti nzito kunakoongezeka injini ikibeba mzigo ni koni beringi, yaani beringi za konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, na gari hilo lisiwashwe tena hata kuhamishwa uani: kila dakika inayoendelea kugonga inakula kranki ambayo huenda ingechongeka.

La mwisho kabla ya kutoa pesa: kwa nini imekufa? Rejeta imeziba? Feni haiwaki? Chujio la pampu ya oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) limejaa tope? Jibu lisipopatikana, injini utakayoweka itakufa kifo kilekile.

Nafasi ya kwanza: kutengeneza kilichoharibika tu

Kama sehemu ya chini ni nzima, yaani kranki, beringi, pistoni na silinda hazina neno, rekebisha hedi na uishie hapo. Naiweka ya kwanza kwa sababu unabaki na injini ambayo historia yake unaijua.

Hedi iliyochemka lazima ipimwe kwa rula iliyonyooka na fila geji (bamba nyembamba za kupimia pengo), kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari. Injini nyingi za petroli huvumilia mpindo wa milimita 0.05 tu, baadhi hadi 0.10. Kitu hicho hakionekani kwa jicho, kwa hiyo fundi anayeinua hedi juani na kutangaza kuwa imenyooka anakisia. Ipelekwe kwa mchongaji, fundi wa mashine za kukata chuma, ijaribiwe kwa hewa yenye shinikizo kama ina ufa, ndipo isawazishwe. Nunua boliti mpya kama za injini yako ni za aina inayovutika. Hizo kwa kawaida hukazwa mara moja tu, na ukizirudia zinashika vibaya hata spana ya toki ikisema ziko sawa.

Chaguo hili halifai kama gari liliendeshwa kilomita kadhaa likiwa limeshachemka. Joto kali hulegeza ringi, na utagundua baada ya kufunga hedi nzuri kabisa juu ya injini inayokula oili.

Nafasi ya pili: injini ya mtumba iliyopimwa

Kwa gari la kawaida ambalo injini zake zimejaa sokoni, hapa ndipo watu wengi wanapaswa kuishia. Sehemu ya chini ilifungwa kiwandani, haikuguswa, na gari linarudi barabarani upesi. Tatizo ni kwamba hujui injini hiyo ilitunzwaje, na masimulizi ya muuzaji kuhusu kilomita chache hayana uzito wowote kama hayana karatasi.

Nenda na fundi wako, si na fundi wa muuzaji. Omba kompresheni ipimwe pale pale. Inawezekana hata injini ikiwa chini sakafuni, mradi stata ipate pa kufungwa na betri iwepo. Zungusha kranki kwa mkono ujue haikukamata. Fungua kifuniko cha oili uangalie ndani: rangi ya dhahabu iliyofifia ni ya kawaida, lami nyeusi iliyoganda ina maana oili haikubadilishwa kwa muda mrefu. Chungulia njia za maji. Kutu nyekundu iliyojaa inasema aliyekuwa nayo alitumia maji matupu. Silikoni mpya iliyofurika pembeni mwa sampu, au boliti zilizokwaruzwa vichwa, zinamaanisha injini imeshafunguliwa. Na injini iliyopakwa rangi ya fedha iking'ara kuliko zote dukani, mimi huipita.

Linganisha namba kamili ya injini, si jina la familia tu. Injini mbili za familia moja zinaweza kutofautiana kwenye sensa, manifoldi, throto ya waya dhidi ya ile ya umeme, hata sehemu za kushikia maunti. Kama kompyuta ya gari haielewani na injini mpya, siku za kubahatisha nyaya zitameza pesa yote uliyookoa.

Usiipandishe kama ilivyo. Wakati iko chini, badilisha sili ya nyuma ya kranki, taimingi beliti, wota pampu, themostati na plagi. Kama gari ni la gia za mkono, tazama na klachi. Sili ya nyuma ni kitu cha bei ndogo, lakini ikivuja baadaye gia boksi nzima inashuka.

Dhamana isomwe vizuri. Mara nyingi inarudisha injini tu, wala hailipi kazi ya kuishusha na kuipandisha tena. Wauzaji wengine hubandika kwenye injini kidude kinachoyeyuka ikichemka kupita kiasi. Kikiyeyuka, dhamana imekwisha. Dai pia risiti yenye namba ya injini, maana namba hiyo huandikwa kwenye hati za gari na utatakiwa kuieleza mamlaka ya usajili ilikotoka.

Nafasi ya tatu: ovahoo kamili

Ovahoo, yaani kuifumua injini yote na kuijenga upya, ikifanywa sawasawa inatoa injini bora kuliko mtumba wowote. Nimeishusha hadi ya tatu kwa sababu ni mara chache inafanywa sawasawa. Inapanda hadi ya kwanza kama injini ni adimu, kama unakusudia kukaa na gari miaka mingi, na zaidi ya yote kama bloku yenyewe inakubali kuchongwa.

Hapo pana tofauti kubwa. Injini kama Toyota 1HZ, dizeli ya silinda sita yenye bloku ya chuma, ni ya kufufuliwa: silinda zinapanuliwa, kranki inachongwa, maisha yanaendelea. Lakini 1ZZ-FE na 1NZ-FE za Toyota hiyohiyo zina bloku ya alumini yenye slivu (mirija ya ndani ya silinda) nyembamba za chuma ambazo hazikukusudiwa kupanuliwa. Baadhi ya injini za BMW za miaka ya 1990, kama M60 na M52, zilitengenezwa na silinda zilizopakwa Nikasil, utando mgumu ambao mashine ya kawaida ya kupanulia inauharibu. Uliza aina ya bloku kabla hujalipa hata senti ya kazi.

Anayeamua matokeo ni mchongaji zaidi ya fundi anayefungua boliti, basi mtafute yeye kwanza. Kranki huchongwa kwa hatua za milimita 0.25, na beringi zinanunuliwa za kipimo hichohicho. Pistoni nazo zina saizi zake za ziada. Mpango sahihi ni kununua pistoni kwanza na kuzipeleka kwa mchongaji, apanue kila silinda kulingana na pistoni aliyoishika mkononi. Mchongaji anayesema apanue kwanza halafu ukatafute pistoni, mshukuru uondoke.

Wakati wa kufunga, kaa karibu kama unaweza. Ringi inaingizwa peke yake ndani ya silinda, inasawazishwa kwa pistoni, na pengo la ncha zake linapimwa. Kwa silinda ya milimita 80 ringi ya juu huwa karibu na milimita 0.3. Pengo likibana mno, ncha zinagongana zikipata moto na ringi inavunjika. Uwazi wa beringi unapimwa kwa uzi laini wa plastiki unaobanwa kati ya beringi na kranki, kisha upana uliosambaa unalinganishwa na kipimo kwenye karatasi yake. Na bloku ikitoka kupanuliwa ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, silinda zisuguliwe kwa brashi, hadi kitambaa cheupe kikipitishwa kitoke cheupe. Petroli peke yake haiondoi unga wa mawe ya kusugulia. Unga huo ukibaki, unasaga ringi mpya kuanzia siku ya kwanza.

Ikikamilika, izungushwe kwa stata plagi zikiwa nje mpaka taa ya oili izime. Ikiwaka, isiachwe inanguruma bila kwenda kwa muda mrefu. Ringi hukaa vizuri injini ikibeba mzigo wa wastani na mwendo ukibadilikabadilika. Oili ya kwanza imwagwe kati ya kilomita 500 na 1,000.

Kuna kitu kinaitwa nusu ovahoo: ringi mpya, beringi mpya, silinda zilezile zilizopanuka na kranki ileile yenye mikwaruzo. Katika ununuzi wote unaozungumziwa hapa, huo ndio mbaya kuliko wote. Ringi mpya hazishiki kwenye silinda iliyochakaa ikapoteza umviringo wake, na moshi unarudi ukiwa umeshalipa kazi ya kufungua injini nzima.

Nafasi ya nne: injini iliyojengwa upya kiwandani

Kwa ubora ingekaa juu. Unapeleka injini yako, unapewa nyingine iliyofumuliwa, kuchongwa na kupimwa, yenye dhamana ya maandishi. Kinachoishusha ni kwamba kwa magari mengi ya zamani haipatikani, na unaweka amana ambayo hairudi kama bloku uliyopeleka imetobolewa na konrodi. Ikipatikana kwa gari lako kwa bei isiyopita sana ile ya ovahoo, ichukue, usihangaike na nafasi ya pili wala ya tatu.

Nafasi ya tano: injini mpya kabisa

Ni kwa gari la kazi lisiloweza kusimama, au gari ambalo mwenyewe amelipenda kupita hesabu. Kwa wengine wote bei yake hupita thamani ya gari.

Nafasi ya sita: kuuza gari lilivyo

Ni ya mwisho kwenye orodha lakini isidharauliwe. Watu hulinganisha bili na thamani ya gari. Swali zuri zaidi ni kama pesa hiyo, ukiongeza ya gari bovu likiuzwa, ingekupa gari zima lililo bora. Weka kwenye bili kila kitu: kazi, oili, mipira ya maji, kuvuta gari, na siku utakazotembea kwa nauli. Ingia chini ya gari utazame chesesi. Kutu iliyotoboa, au gia boksi inayochelewa kushika, zitakuja na bili zao hata injini ikiwa mpya.

Na ukiamua kuuza, uza kabla ya kuifungua. Mnunuzi mwenye gereji yake atalipa zaidi injini ikiwa bado imefungwa mahali pake kuliko ikiwa kwenye ndoo, boliti za hedi zimechanganyika na za sampu.