Kitovu kinachovuja damu: PT na APTT, au kipimo cha fakta XIII?

Kichanga akivuja damu kitovuni, kwa kawaida maabara huanza na PT na APTT, yaani kuhesabu sekunde ambazo damu huchukua kuganda. Majibu hutoka upesi, na hemofilia kali (ugonjwa wa kurithi ambapo damu haigandi vizuri) hujitokeza kwa APTT kurefuka. Ila APTT ya kichanga, hasa njiti, huwa ndefu kuliko ya mtu mzima hata kama hana ugonjwa wowote, kwa hiyo isisomwe kwa viwango vya wakubwa.

Upungufu wa kurithi wa fakta XIII (protini ya damu inayokaza donge), unaokadiriwa kumpata mtu 1 kati ya milioni 2, hupita vipimo hivyo vyote viwili bila kugunduliwa. Damu huganda kwa wakati wake. Donge ndilo halishikamani, likaporomoka baadaye kama ukuta usio na saruji. Hapo hupimwa utendaji wa fakta XIII yenyewe, na sampuli ichukuliwe kabla mtoto hajaongezewa plazma (majimaji ya damu), maana plazma ya mchangiaji huficha upungufu.

Kipimo hiki hakipatikani kila maabara. Hata hivyo, kitovu kikiendelea kuvuja ilhali PT na APTT ni za kawaida, na zaidi wazazi wakiwa ndugu wa damu, mimi nisingekiahirisha: watoto hawa wamo katika hatari kubwa ya kuvujia damu ubongoni.